Njia ya hewa ya pikipiki chakavu: namna ya kuichagua, kuifunga na kuiseti

Ukinunua pikipiki iliyoachwa kama chakavu baada ya ajali, iliyozama kwenye maji au iliyokaa miaka uani bila kuwashwa, kuna vitu viwili ambavyo karibu kila mara utakuta mtu ameshavichezea: nyaya na njia ya hewa. Nyaya zinaonekana. Njia ya hewa imejificha chini ya siti na tangi, na aliyekutangulia alipong'oa boksi la filta ya hewa ili afikie kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kirahisi, hakujisumbua kulirudisha. Kwa hiyo unakuta mdomo wa kabureta uko wazi, au umevishwa kipande cha soksi kilichofungwa kwa mpira wa tyubu.

Hapo ndipo unapokuja ushawishi wa filta ya koni, ile inayovishwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta bila boksi. Ni ndogo, inang'aa, inapatikana kila mahali na inafungwa kwa klipu moja. Kazi ya dakika tano. Mimi nakwambia usinunue chochote kwanza, mpaka ujue pikipiki hiyo ilikufaje na injini yake inalishwaje mafuta. Hayo mawili ndiyo yanayochagua. Macho yasihusishwe.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana wengi wetu mfumo mzima tunauita eya klina. Humu, filta ni ile inayochuja: sponji, karatasi au kitambaa. Boksi ni nyumba yake. Mpira wa nyuma unaunganisha boksi na kabureta; mpira wa inteki unaunganisha kabureta na injini. Mdomo wa boksi ni pale hewa ya nje inapoingilia.

Kwa nini sehemu hii ya plastiki ina uzito kiasi hicho? Chukua injini ya sisi 150 (cc, yaani sentimita za ujazo 150) yenye mapigo manne. Inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 8000 kwa dakika inavuta mara 4000. Zidisha kwa sisi 150: lita 600 za hewa kila dakika, kwa hesabu ya juu kabisa. Na petroli haiungui peke yake. Kila kilo moja inataka takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, maana yake lita moja ya petroli inakula karibu lita 9000 za hewa. Kabureta yako ilipangwa kiwandani ikiwa imefungwa kwenye boksi fulani, lenye mdomo wa upana fulani. Ukibadilisha boksi umebadilisha hesabu yote, hata kama hujagusa skrubu moja ya kabureta.

Hatua ya 1: Chunguza ilivyokufa

Usiwashe kwanza. Fungua siti, toa kava za pembeni, utazame boksi kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyeweza kusema.

Iliyozama huacha alama. Ndani ya boksi utaona mstari wa tope, kama ule unaobaki kwenye ndoo ya maji machafu, na mikunjo ya filta itakuwa na udongo mkavu. Chini ya boksi kuna kijibomba cha kumwagia uchafu chenye kizibo. Kifungue uone kinatoa nini. Kikitoa maji, usiguse kiki wala stata. Toa plagi kwanza, kisha zungusha injini taratibu kwa mkono, ili maji yaliyo kwenye silinda yatokee pale. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta huku plagi imefungwa, kinachopinda ni koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni kwa chini.

Ya ajali ina tabia yake. Boksi hupasuka pale linapofungwa kwenye fremu, na ufa huo mara nyingi uko upande usiouona, nyuma ya betri. Mpira wa nyuma huchomoka nusu ukabaki umekaa kama uliofungwa, kumbe una mwanya wa kupitisha kidole. Ile iliyokaa sana bila kutumika, tarajia kiota cha panya. Panya wanapenda boksi la eya klina kuliko mahali pengine popote: pakavu, pana giza, na sponji ya kutandika iko tayari.

Kisha pitisha kidole ndani ya mpira wa nyuma, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka na vumbi, injini hiyo imekula mchanga. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kutumia hata senti kwenye njia ya hewa: injini iwe na joto kama inaweza kuwaka, resi imefunguliwa mpaka mwisho, geji kwenye tundu la plagi. Ikiwa chini, tia kijiko kimoja kidogo cha oili kwenye silinda upime tena. Ikipanda, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tazama vavu. Nimeona mtu akihangaika na filta mpya mwezi mzima kwenye injini ambayo silinda yake ilikuwa imechorwa mistari kama kanda ya suruali. Kwa injini ya namna hiyo, kazi ya kwanza ni kuifumua, njia ya hewa ifuate.

Hatua ya 2: Jua unalisha kitu gani

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Aina ya kwanza ni kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani yake kufungua njia ya hewa) inayovutwa na kebo moja kwa moja. Utaitambua kwa kebo ya aksileta inayoingia juu, katikati ya kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha. Ukipiga resi unanyanyua slaidi kwa mkono wako mwenyewe. Pikipiki nyingi za kazi zenye injini ndogo zina kabureta hii, na Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ni mfano unaojulikana sana. Ni kabureta yenye subira. Ukiibadilishia njia ya hewa itanung'unika, lakini kwa jeti (vijitundu vinavyopima mafuta) na sindano (iliyoning'inia kwenye slaidi) utaelewana nayo.

Aina ya pili ina kifuniko kipana juu chenye skrubu pembeni, na kebo haiingii juu. Inazungusha kipuli kidogo ubavuni. Kipuli kinafungua kipepeo tu, yaani kibamba kinachozunguka ndani ya njia ya hewa. Slaidi inapanda yenyewe, kwa tofauti ya mgandamizo kati ya juu na chini ya mpira mwembamba unaoitwa diaframu. Juu yake inavutwa na injini, chini yake inapokea hewa tulivu kutoka upande wa boksi kupitia tundu lililo pembezoni mwa mdomo wa kabureta. Neno la kushika ni hilo, tulivu. Ukiondoa boksi, tundu hilo linaanza kupokea upepo wa barabarani na msukosuko, na slaidi haijui tena ipande kiasi gani.

Nililipia somo hili kwa wiki mbili za maisha yangu. Nilifunga filta ya koni kwenye kabureta ya namna hii. Pikipiki iliwaka vizuri, ikanguruma vizuri, lakini ikifika resi nusu inakwama, kama mtu ameishika mkia. Nikabadilisha jeti kubwa. Nikabadilisha tena. Nikapandisha sindano, nikashusha sindano, nikafungua diaframu nikaitazama juani, haina tundu. Siku ya kumi na ngapi sijui, nilitoa filta, nikatazama ule ukingo wa mpira kwa ndani. Ulikuwa na alama ya duara, alama safi kabisa ya tundu la kabureta. Ukingo ulikuwa mnene, umelifunika tundu la diaframu lote. Nilichonga mpira kwa kisu pale pale, na pikipiki ikapanda resi. Hata hivyo haikuwahi kwenda sawa na nilipokuja kuifungia boksi lake.

Ukiwa hapo, jaribu na diaframu yenyewe: nyanyua slaidi kwa kidole, ziba lile tundu la mdomoni, kisha achia. Slaidi ikishuka taratibu, mpira ni mzima. Ikidondoka papo hapo, umetoboka, na hakuna filta itakayokusaidia.

Aina ya tatu ni injekta. Hapa kompyuta ndiyo inayopima mafuta, ikitegemea sensa ya mgandamizo, sensa ya aksileta na sensa ya joto la hewa. Watu hudhani kompyuta itajirekebisha yenyewe ukiweka filta ya wazi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husaidia pale tu unapokwenda mwendo wa kawaida. Ukikaza resi mpaka mwisho, kompyuta nyingi zinaacha kuisikiliza na kufuata jedwali la kiwandani. Jedwali hilo halijui kuwa umetupa boksi. Kwa injekta, jibu langu ni fupi: rudisha boksi, au jiandae kuandikiwa upya programu ya mafuta na mtu mwenye vifaa.

Na kama injini yako ni ya mapigo mawili, ogopa zaidi. Mafuta yakiwa haba, inaongezeka joto, na kama oili inachanganywa kwenye petroli, oili inayolainisha pistoni nayo inapungua. Injini hizi hazikupi onyo la muda mrefu. Zinanoki.

Hatua ya 3: Chagua, kwa mpangilio huu

Chaguo langu la kwanza, daima, ni boksi lake la asili. Halina mvuto, lakini limeshafanyiwa hesabu: ukubwa wake, urefu wa mdomo wake, hata sauti yake. Lina hewa isiyotikisika, linaweka filta mbali na maji ya tairi, na linashikilia kabureta kwa nyuma. Hilo la mwisho husahaulika. Kabureta inayoshikwa na mpira wa inteki peke yake, na koni inaning'inia nyuma yake, inacheza kwa kila mtetemo, na baada ya muda mpira wa inteki unapasuka upande wa juu.

Boksi lililopasuka si la kutupa. Plastiki nyingi za boksi zinaunganika kwa kuyeyushwa: toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, chimba mfereji mwembamba, kisha yeyusha ndani yake plastiki ya aina ile ile kwa chuma cha kulehemu risasi. Nyuma ya plastiki mara nyingi kuna herufi ndogo zinazotaja aina, PP au ABS. ABS inashika gundi vizuri. PP inakataa karibu gundi zote, kwa hiyo hiyo ni ya kuyeyusha tu. Fanya nje, moshi wake si wa kuvuta.

Chaguo la pili ni boksi la pikipiki nyingine. Linafaa kama injini hizo mbili zinakaribiana ukubwa na zinavuta kabureta ya upana unaofanana. Usiangalie tu kama linaingia kwenye fremu. Kama boksi lako la zamani lipo vipande vipande, liunganishe kwa utepe wa gundi kwa muda, ziba matundu, ulijaze maji kwa chupa ya lita moja huku ukihesabu. Fanya hivyo hivyo kwa lile jipya. Yakipishana kidogo, sawa. Jipya likiwa nusu ya la zamani, achana nalo. Kisha pima mdomo: upana wa tundu la kuingizia hewa usiwe mdogo kuliko wa asili.

Chaguo la tatu, kutengeneza boksi mwenyewe kwa bati au plastiki nene, ni la mwenye subira. Linafaa pale fremu imekatwa au siti imebadilishwa na la asili haliingii tena. Fuata mambo ya boksi la kiwanda: lijazwe maji kadiri lile la asili lilivyojazwa au zaidi kidogo, mdomo uwe juu ya sakafu ya boksi ili maji yasifike kwenye filta, kuwe na kijibomba cha kumwagia chini kabisa, na filta itolewe bila kufumua pikipiki nzima. Ndani usiache skrubu wala rivet inayoweza kulegea. Kitakachochomoka huko kitakwenda sehemu moja tu.

Filta ya koni ni ya mwisho. Inakubalika kwenye kabureta ya slaidi ya kebo, kama uko tayari kubadilisha jeti na huendeshi kwenye vumbi jingi au mvua. Kuna mtu atakwambia imemwongezea nguvu. Kilichoongezeka hakika ni kelele, kwa sababu boksi ni silensa ya upande wa kuvuta, na sikio hutafsiri mngurumo kuwa mwendo. Na pale ukaguzi wa magari unapohusisha moshi au kelele, koni inaweza kukuletea matatizo.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kulipa

Tumia kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Rula itakudanganya. Pima upana wa nje wa mdomo wa kabureta, si wa ndani. Koni huuzwa kwa upana wa ndani wa shingo yake: 35, 38, 42, 48, 50 na kadhalika. Shingo iwe sawa na mdomo au ndogo kwa milimita moja. Ikiwa kubwa, utaikaza klipu mpaka mpira ujikunje, na kila mkunjo ni mlango wa vumbi.

Nafasi nayo ipimwe pikipiki ikiwa imebeba uzito. Mkalishe mtu nyuma, shoki ziiname, kisha utazame tairi imefika wapi. Geuza usukani kulia na kushoto uone kebo haigusi. Acha upana wa kidole kuizunguka filta yote. Koni zenye kofia ya chuma mwishoni zisikaribie kabisa betri; mtetemo mmoja mbaya, kofia inagusa ncha ya chanya na chuma cha fremu kwa pamoja, na moto unapata njia karibu na petroli.

Halafu chagua kubwa kuliko zote zinazoingia. Filta ndogo ya sponji na kubwa ya sponji zinaweza kuonekana sawa siku ya kwanza. Baada ya wiki ya vumbi, ndogo imeshaziba.

Hatua ya 5: Filta yenyewe

Ya karatasi haioshwi. Kuna ya karatasi kavu, ambayo unaigonga taratibu au kuipuliza kwa hewa hafifu kutoka ndani kwenda nje, na kuna ya karatasi iliyotiwa mafuta kiwandani, ambayo haioshwi wala haipulizwi, ikichafuka inabadilishwa.

Ya sponji ndiyo rafiki wa vumbi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, au mafuta ya taa kisha sabuni. Petroli usitumie: inalainisha gundi ya maungio, sponji inaachia pembeni, na unaosha kitu kinacholipuka. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote kama nguo. Ikauke kabisa, kisha itie oili ya sponji, uibane mpaka rangi iwe moja pote, halafu ukamue ziada. Sponji kavu isiyo na oili inapitisha vumbi laini kama chandarua kinavyopitisha moshi. Pakaa grisi kidogo kwenye ukingo wake pale inapokaa kwenye boksi.

Ya kitambaa cha pamba inataka oili yake maalumu, kidogo. Ukiizidishia, oili inasafiri mpaka kwenye kabureta.

Hatua ya 6: Funga mlango wa hewa ya wizi

Unaweza kuchagua kila kitu sawa na bado pikipiki ikasumbua, kwa sababu ya hewa inayoingia pasipo ruhusa. Mpira wa pikipiki iliyokaa juani unakuwa mgumu kama ukucha. Ukunje kwa mikono yote miwili, mwanga uwe mzuri. Ufa mdogo uliokuwa umejificha utafunguka kama mdomo. Wenye ufa unaopenya ubadilishe. Silikoni ya kawaida usijaribu, petroli inaila, inavimba, na kipande kinaingia kwenye vavu. Mpira mgumu usio na ufa utauchemsha kwenye maji moto dakika chache; unalegea vya kutosha kuvaliwa bila kupasuka.

Kupima, ukiwa bado nje ya pikipiki, ziba ncha moja kwa kiganja, ncha nyingine peleka mdomoni, zamisha mpira kwenye ndoo ya maji upulize. Mapovu yatakuonyesha. Pumzi ya kawaida inatosha. Kwenye injini, tazama pia ile sehemu bapa mpira unapokaa: weka rula ya chuma juu yake, kama mwanga unapita chini ya rula katikati, imepinda kwa sababu mtu alikaza bolti kupita kiasi. Isugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ing'ae pote. Oringi yake (pete ya mpira) weka mpya, na kile kibamba cha kuzuia joto kati ya kabureta na injini kirudi mahali pake, si pambo.

Ukishawasha, injini ikinguruma bila resi, chukua chupa ya kupulizia maji, puliza ukungu mwembamba kwenye maungio ya inteki. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo pa wizi. Mafundi wengi hupuliza kisafishia kabureta au petroli. Inafanya kazi, na siku moja inafanya moto. Maji yanatosha.

Hatua ya 7: Mabomba madogo

Kuna bomba linalotoka kwenye krankesi (nyumba ya chini ya injini) kuja kwenye boksi, la kupumulia injini. Usilizibe. Ukiliziba, mgandamizo unatafuta pa kutokea na kinachoachia ni sili za oili. Kama umeondoa boksi, lipeleke kwenye kifiltia chake kidogo au kichupa cha kukusanyia mvuke, juu kuliko injini.

Bomba jingine linaweza kuwa la mfumo unaopeleka hewa safi kwenye ekzosi ili moshi umalizike kuungua. Linahitaji hewa iliyochujwa. Likiachwa wazi linavuta vumbi, na kama vavu yake imekufa, utasikia pikipiki ikipiga baruti kila ukiachia resi na utailaumu kabureta bure. Kwa injekta, sensa ya joto la hewa mara nyingi imechomekwa kwenye boksi lenyewe. Usiiache inaning'inia jirani na silinda, itaripoti joto lisilo la hewa inayoingia.

Hatua ya 8: Seti mafuta

Kama umerudisha boksi la asili na jeti za asili, hapa unapita tu. Lakini hakikisha jeti ni za asili kweli. Pikipiki chakavu imepitia mikono. Fungua bakuli la kabureta usome namba. Na usilinganishe namba za jeti za kampuni mbili tofauti, maana kampuni moja hupima kwa upana wa tundu na nyingine kwa kiasi cha mafuta yanayopita. 110 ya huku si 110 ya kule.

Kama umebadilisha njia ya hewa, anza juu ushuke. Resi kuanzia robo tatu hadi mwisho ni ya jeti kubwa. Katikati ni ya sindano: kushusha klipu yake kunainua sindano na kuongeza mafuta. Chini ya robo ni ya jeti ndogo na skrubu yake. Skrubu hii ina mtego. Ikiwa upande wa filta, ni ya hewa, kuikaza kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, ni ya mafuta, kuikaza kunayapunguza. Wengi hukosea hapa kisha wanasema kabureta ni mbovu.

Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inahitajika. Mafuta mengi yanachafua plagi. Mafuta haba yanatoboa pistoni. Vuta choki kidogo ukiwa kwenye resi inayosumbua: ikipata nafuu, mafuta ni haba. Ikizidi kukosa moto, ni mengi. Resi inayochelewa kushuka ukiachia, joto lisilo la kawaida, baruti kwenye ekzosi, vyote vinaashiria uhaba, au hewa ya wizi, kwa hiyo rudia hatua ya sita kabla ya kubadilisha jeti. Moshi mweusi, harufu ya petroli na mngurumo mzito wa kukatakata ni wingi.

Plagi ina ushahidi wake, ila petroli ya siku hizi haichori rangi nzuri kama zamani, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Weka plagi mpya, endesha kwa resi ya mwisho mahali pasipo na watu wala magari, kisha bana klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja. Itoe uangalie. Nyeupe kama chaki ni mafuta haba, hatari. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi.

Hatua ya 9: Barabarani, kisha kitambaa cheupe

Safari ya kwanza iwe fupi, na resi ya mwisho isiwe ya muda mrefu. Panda kilima, shuka, simama, acha ingurume, izime, iwashe ikiwa moto. Rudi ukaze klipu zote tena, kwa sababu mpira mpya hujikalia baada ya kupata joto.

Baada ya kilomita mia moja au mbili, fungua mpira wa nyuma. Chukua kitambaa cheupe, kifunge kwenye kidole, ukisugue ndani upande wa kabureta, hasa sehemu ya chini. Kikitoka na mafuta kidogo ya mvuke, ni kawaida. Kikitoka na unga wa kahawia unaokwaruza ukiusugua kati ya vidole, zima pikipiki na utafute ulikopita kabla haijaendeshwa tena. Mara nyingi utaukuta kwenye ukingo wa filta, mahali ulipoona uvivu kupaka grisi.